Ana, Hana

Mapokezi, Jumanne, 12 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Nikipiga anapokea shemeji, kisha mama mkwe wako anauliza ni nani huyo, kisha mtoto anaikamata na kuilamba. Tukimaliza kuamkiana, salio limekwisha na sijasema kitu. Barua ni yako peke yako, angalau mpaka uimalize.

Ile kazi nimeipata. Zahanati ni ya mtu binafsi, chini ya ghorofa la maduka, mlango wa kioo na mabenchi mawili ya mbao. Watu huja kupima damu: malaria, sukari, na kifua kikuu. Hiki cha mwisho ndicho kinachojaza benchi. Hospitali ya serikali wanakupa kikombe uteme makohozi, urudi asubuhi, upange foleni, na wote waliopo wanajua umefuata nini. Kwetu unachomwa sindano, unakaa, na kabla hujamaliza kusoma gazeti jibu limetoka. Hakuna anayejua kama ulikuja kwa kifua au kwa sukari.

Mimi nakaa nyuma ya dirisha dogo. Naandika majina, napokea majibu kutoka maabara, nagonga muhuri, namkabidhi mtu. Ndiyo kazi yote. Lakini Dada, unanijua. Naogopa kuchanganya majina, naogopa kugonga muhuri kichwa chini, naogopa hata simu ya mezani inapolia. Jioni shingo inauma kana kwamba nimebeba gunia.

Nina jambo moja la kujisifu, na wa kumwambia ni wewe tu. Zamani majibu yaliandikwa CHANYA au HASI. Wiki yangu ya kwanza mzee mmoja alisoma HASI, akasimama katikati ya watu: "Nani kanihasi? Nimekuja kupimwa kifua, nyie mnanihasi kama fahali?" Benchi zima lilivunjika mbavu. Mimi sikucheka, nilikuwa nakagua kama nimekosea jina. Na siku ileile binti mmoja akasoma CHANYA, akashukuru, akatoka anatabasamu. Kwake chanya ni neno la heri. Ilibidi mlinzi amkimbilie barabarani.

Mkurugenzi akaniita. "Wewe si ndiye msomi hapa? Nitafutie neno ambalo hata bibi yangu atalielewa." Nikawaza siku nzima, nikamletea mawili: ANA, na HANA. Mkurugenzi alipiga meza. "Kijana, hii ndiyo elimu!" Sasa imechongwa mihuri miwili, ANA ya wino mwekundu, HANA ya kijani. Hakuna tena wa kubishana na karatasi.

Shemeji vipi? Ulisema kikohozi hakijamwacha, na kwamba ni vumbi la makochi anayoshona tu. Siku akija mjini kununua sponji, apitie hapa. Nimeomba ruhusa, atapimwa bila malipo. Afadhali mjue moja kuliko kunong'onwa na majirani.

Mdogo wako,
Karani (nimezoea kuitwa hivyo sasa)


Nyumbani, Jumapili, 3 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na Mungu akuzidishie. Mume wangu karudi na sponji mgongoni na karatasi yako mfukoni, akaingia anatembea kama aliyeoa mara ya pili. HANA! Kwa muhuri wa kijani!

Mama mkwe alitaka kujua hana nini. "Hana adabu? Hana akili? Hayo tunayajua bila sindano." Nikamwambia mama, hana kifua kikuu. Akainuka akaenda chumbani. Nilimkuta analia. Kumbe yule mama tunayemwona mkali alikuwa anahesabu siku za mwanawe.

Huwezi kujua tulivyokuwa tumechoka. Sikukuandikia yote. Mafundi wenzake karakanani walikuwa wamemtoa nje, anashonea makochi barazani peke yake, jua likimfuata. Hawakumfukuza, walisema tu "hewa ya nje itakusaidia, kaka." Mwenye nyumba alianza kututengea vikombe vyetu. Sasa ile karatasi kaigongomea juu ya cherehani, karakanani, kila anayeingia aisome. Wamemrudisha ndani, na wamempa jina: Bwana Hana. "Bwana Hana, nipitishie mkasi." "Bwana Hana, hana hata sigara ya kutoa?" Anacheka mpaka anakohoa.

Kile kikombe cha makohozi alichopewa hospitali ya serikali, kabla ya kuja kwako, hakikutumika. Ni kikombe kizuri, kina mfuniko. Amekiwekea misumari midogo ya makochi.

Na mimi nimemrudisha mtoto kitandani kwetu. Alikuwa analala kwa bibi yake, kwa tahadhari. Tunamwita Bosi siku hizi, kwa sababu hafanyi kazi yoyote na anafoka kutwa nzima. Analala katikati yetu, kichwa kwa baba, miguu mbavuni kwangu. Jana nililala usingizi wa kweli, wa mara ya kwanza tangu mvua zilizopita.

Haya yote ni wewe, mdogo wangu. Baba angekuwepo angekuchinjia.

Dada yako


Mapokezi, Jumatano, 20 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako imenifikia, nimefurahi kwamba mmefurahi.

Hapa kazi inaendelea vizuri. Kulikuwa na mteja mmoja mwenye malalamiko, lakini yalikuwa madogo na yameshughulikiwa.

Kuhusu jibu la shemeji, sina maana kwamba kuna tatizo. Ila nilikuwa nafikiri kwamba kwa utaratibu mzuri si vibaya mtu kurudia vipimo, hasa kama kikohozi bado kipo. Si lazima kwetu. Hospitali ya serikali pia wanapima. Ni vizuri tu kuwa na uhakika wa pande zote. Kile kikombe, kama misumari inaweza kuhamia kwenye kopo jingine, labda kingeoshwa. Au wampe kingine.

Pia madirisha ni vizuri yawe wazi. Na Bosi angeweza kuendelea kulala kwa bibi yake kwa sasa, kwa ajili ya joto.

Usiwe na wasiwasi. Ni mawazo yangu tu.

Mdogo wako


Nyumbani, Jumatatu, 8 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimeshindwa kujua unaniambia nini. Umeandika kama unamwandikia afisa wa kodi.

Nilimsomea mume wangu ile sehemu ya kurudia vipimo. Alikasirika, na wewe unajua yeye hakasiriki. "Shemeji anataka kunipima tena? Zahanati imekosa wateja? Damu yangu ilishasema, na aliyeandika ni yeye kwa mkono wake." Nikamwambia mdogo wangu si mchuuzi. Akasema kila mtu mjini ni mchuuzi, tofauti ni kibanda tu. Kisha akacheka, lakini hakuomba radhi.

Halafu mimi nikaanza kuogopa kwa upande mwingine. Nikasema labda ni wewe unayeumwa. Maana mtu akiongea sana juu ya dirisha la mwenzake, chumbani kwake kuna moshi. Unakula? Nguo zinakukaa? Usinifiche. Mambo ya kuficha ugonjwa tulimwachia baba, na tuliona yalivyommaliza.

Sisi tupo. Mume wangu kapungua kidogo, suruali anafunga kwa kamba ya makochi, lakini ni kazi, wana oda ya viti vya ukumbi. Mashuka nayafua kila asubuhi kwa jasho lake. Joto la mwaka huu ni kali. Bosi alikuwa na homa juzi, ikapungua, ikarudi. Ni meno.

Nilimwambia hata mama mkwe: huyu mdogo wangu ndiye msomi wetu, angejua jambo angesema. Kwa hiyo nimetulia.

Dada yako


Mapokezi, saa ya chakula cha mchana, Jumatatu, 15 Aprili

Dada,

Shikamoo. Kaa chini kwanza. Barua hii soma peke yako, halafu msomee shemeji.

Mimi siumwi. Nilidhani naumwa, na nitakueleza. Lakini kwanza neno ambalo nilipaswa kuliandika mwezi uliopita: ile HANA haina maana niliyoipa. Kipimo kile cha damu hakiwezi kusema kama shemeji anaumwa kifua kikuu sasa hivi au haumwi. Hakiwezi. Si kwamba kilikosea siku ile. Kazi hiyo hakiiwezi.

Yule mteja mwenye malalamiko madogo ni mwalimu wa watoto wadogo. Sisi tulimpa ANA, kwa wino mwekundu. Binti yake akawahamisha wajukuu siku ileile. Mama wa watu akaenda hospitali kuanza dawa, kule wakamwambia lete makohozi kwanza. Wakapima, wakarudia, wakampiga picha ya kifua. Ana pumu. Alirudi kwetu, hakupiga kelele hata kidogo. Aliinama kwenye dirisha langu akasema, "Kijana, wajukuu wangu wananipungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara. Na wewe una muhuri wa kufuta hilo?"

Nilikwenda kwa mtu wa maabara, tunamwita Profesa kwa sababu ya miwani. Nikamwuliza imekuwaje. Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini maji ni maji. Siku hiyo benchi lilikuwa tupu. Akasema leta mkono. Akanitoa damu, akadondosha tone kwenye kibao cha kupimia kutoka kisanduku kimoja, kisha tone lingine kwenye kibao cha kisanduku kipya. Cha kwanza kikasema ANA. Cha pili kikasema HANA. Mkono uleule, Dada, sindano ileile. Nikamwuliza, sasa mimi ni yupi? Akasema, "Wewe ni mtu mwenye damu. Zaidi ya hapo mimi sijui."

Alinieleza hivi. Kipimo cha damu hakitafuti mdudu mwenyewe, kinatafuta askari ambao mwili huwatuma kupigana naye. Sasa, wengi wetu tulishakutana na mdudu huyo zamani tukiwa watoto, askari wapo, ugonjwa haupo. Wengine askari wao wanafanana tu na hao kwa sababu ya ugonjwa mwingine. Na wengine wanaumwa kweli, kifua kinaliwa, lakini askari hawaonekani kabisa. Anasema wakubwa wa afya wa dunia walishaandika zamani kwamba vipimo vya namna hii visitumike kumwambia mtu anaumwa au haumwi. Nikamwuliza, "Na wewe ulijua?" Akasema, "Mimi nina watoto wanne." Akavua miwani akaifuta.

Ndipo nikaenda mwenyewe hospitali ya serikali, nikapanga foleni na barakoa, nikatema kwenye kikombe. Majibu yalikuwa safi, na picha ya kifua safi. Lakini zile siku za kungoja sitazisahau. Barua ya dirisha na joto niliiandika katika siku hizo. Kila sentensi ilikuwa inataka kukuambia, na kila sentensi niliikata mkia.

Kisha nikaenda kwa Mkurugenzi. Nilijizoeza maneno chooni kabla ya kuingia.

"Mkurugenzi, naona kile kipimo hakifai kwa kifua kikuu."

"Wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Mtaalamu wa maabara?"

"Hapana."

"Sasa wewe ni nani?"

"Karani."

"Karani anaandika. Nenda kaandike."

Basi ndiyo naandika.

Hata kile kibao chenyewe hakikusema HANA. Karatasi ya maelezo ndani ya kisanduku, kwa herufi ndogo, inasema jibu peke yake lisitegemewe. Kile kibao kilisema hakijaona. Mimi ndiye niliyechukua "haijaonekana" nikaifanya "hana", kwa sababu ni fupi, na kwa sababu nilitaka kusifiwa. Mtu anayesoma haijaonekana angeuliza swali. Mtu anayesoma HANA anagongomea ukutani.

Jasho la mashuka si la joto, Dada. Kikohozi kisichoisha, kupungua, jasho la kitandani, homa ya mtoto: ungenisimulia habari za mtu mwingine ningekwambia mkimbize. Mwambie shemeji aende, atoe makohozi, na Bosi apelekwe siku hiyohiyo, na wewe. Ukiona hataki, mwonyeshe barua hii. Ukitaka mwonyeshe mtu yeyote. Nikifukuzwa nimefukuzwa.

Mdogo wako


Nyumbani, Alhamisi, 2 Mei

Nimeipokea. Nimemsomea.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Tarehe ishirini Machi alikuwa anajua?" Nikasema ndiyo. Akavaa viatu akaenda karakanani, na mimi nikadhani anakwenda kuichana ile karatasi. Hakuichana. Mafundi wanasema alisimama mbele yake muda mrefu, kisha akatoa kiti chake nje barazani mwenyewe, bila mtu kumwambia.

Asubuhi yake alitema damu. Kidogo. Kwenye beseni la kufulia.

Bosi hanyonyi. Analia bila sauti. Tumepakia nguo, tunakwenda hospitali leo, sote.

Miezi miwili, wewe. Nilimtoa Bosi kwa bibi yake nikamlaza kichwa kifuani kwa baba yake, nikakuandikia nikakusifu.

Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Dada yako


Wodi ya kifua, Jumatatu, 27 Mei

Shemeji,

Salaam. Hii siyo ya dada yako. Yeye hajui naandika, na kalamu nimeazima kwa mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye anaidai kila ninapofika nukta. Mwandiko wangu ni wa chaki ya kitambaa, vumilia.

Kwa kifupi: ninacho. Walichukua makohozi, wakaweka kwenye mashine, kesho yake muuguzi akaja na barakoa na jina langu. Sikushangaa. Nadhani mwili ulikuwa unajua, ni mimi niliyekuwa nabishana nao kwa karatasi. Wanasema dawa ni miezi sita, kila siku, bila kuruka. Mkojo umekuwa mwekundu kama soda. Mwenzangu wa kitanda cha pili alidhani nakufa, akaanza kunisamehe mambo ambayo sijamfanyia.

Dada yako wamempima, hajaonekana na ugonjwa. Unaona na mimi nimejifunza kusema? Amepewa dawa za kinga. Mama pia. Karakanani walikuja wakapima mafundi wote, na mmoja ameonekana nao, yule mrefu, aliyekuwa ananiita Bwana Hana kwa sauti kubwa kuliko wote. Yuko wodi hii hii. Hatutaniani sana.

Bosi. Sijui niandikeje. Kwa mtoto makohozi hayatoki, walipitisha mrija puani mpaka tumboni, tukamshika mikono mimi na dada yako. Wakampiga na picha. Ameanza dawa, dawa za mgonjwa, siyo za kinga. Daktari anasema watoto wakiwahiwa hupona vizuri, na huyu hajachelewa sana. Nilimwuliza "sana" ni kiasi gani. Akasema tusubiri uzito wake. Kwa hiyo kila asubuhi tunamweka kwenye mizani, na dada yako hatazami, anatazama uso wa muuguzi.

Kuhusu wewe. Nilikasirika, nisikudanganye. Nilikaa barazani nikakutukana kwa majina yote, na ya wanyama nikayamaliza. Lakini hapa kuna muda mwingi wa kufikiri, na mawazo yangu hayaendi kwako. Yanakwenda kwenye lile benchi lako.

Siku ile nilipokuja, benchi lilijaa. Kuna mama mmoja mwenye kanga ya maua alinisogelea nipate kukaa. Alikuwa anakohoa kama mimi, tukawa tunapokezana, mpaka akasema, "Kaka, tungekuwa kwaya tungelipwa." Aliitwa dirishani kabla yangu. Alirudi na karatasi ya kijani, akanionyesha, akapiga vigelegele kidogo kwa mdomo uliofunikwa. Sote tulimpongeza. Nilifurahi kuliko mtu yeyote pale, nikasema hata mimi nitapata hiyo.

Mimi nilikuwa na shemeji mwenye kalamu. Yule mama ana nani?

Ndilo nililotaka kukuuliza. Sidai jibu. Huyu ndugu anataka kalamu yake.

Shemeji yako


Chumbani kwangu, Jumanne, 18 Juni

Dada,

Shikamoo. Ulisema nisikuandikie. Nimejaribu kutii. Usipoijibu hii nitaelewa, na usipoisoma pia.

Sina la kukuomba kuhusu Bosi. Kila asubuhi natazama saa inapofika wakati wa mizani, basi. Sijui kama nina haki hata ya hilo.

Shemeji aliniandikia kutoka wodini, akaniuliza yule mama aliyekaa naye benchi moja, aliyepata HANA kama yeye, ana nani wa kumwambia. Swali hilo lilinikuta dirishani. Nilikuwa na muhuri wa kijani mkononi na mtu mbele yangu. Nikauweka chini. Yule mtu akasema, "Vipi, wino umekwisha?" Nikamwambia, ndugu yangu, kipimo hiki hakijaona kitu, lakini hakiwezi kuona vizuri, nenda hospitali ukatoe makohozi. Akasema, "Sasa mimi nimekuja hapa kufanya nini?" Akamwita Mkurugenzi.

Safari hii sikujizoeza maneno. Nilimwomba aniruhusu niwapigie simu wote waliopimwa kifua, wenye ANA na wenye HANA, niwaambie waende wakapimwe upya. Hakufoka. Nadhani na yeye amechoka. Akasema, "Ukiwapigia hao, kesho nani atakuja kupima hata sukari? Na mshahara wa Profesa utautoa wewe?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi mihuri weka mezani, mlango unaujua."

Profesa alinisindikiza mpaka nje. Alinipa mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida, na alipouachia, mkononi mwangu kulikuwa na karatasi zilizokunjwakunjwa, zenye majina na namba za simu za waliopimwa kifua. Alirudi ndani.

Nikapeleka habari ofisi ya afya. Bibi mmoja alinisikiliza, akaandika, akasema watakwenda kukagua, labda wiki hii, labda baada ya wiki hii. Namba akanakili. "Watu wetu ni wachache," akasema, "kama unaweza kuanza kuwapigia wewe, anza." Basi nimeanza.

Sikujua kuwa kumpigia mtu simu kunachosha kuliko kubeba mzigo. Naogopa kila inapoita, na naogopa isipoita. Wengi hawapokei. Wengine wananiuliza nauza nini. Mmoja alisema nimtumie pesa ya kurudia vipimo. Mmoja alisema, "Mimi ulinipa ANA, nikaachwa na mchumba," akakata kabla sijamwambia kwamba huenda hana. Kuna namba moja alipokea kijana, nikamwulizia mwenye namba, akasema, "Mama tulimzika mwezi wa nne." Nikasema pole. Akauliza nilikuwa nataka kumwambia nini. Dada, nilimwambia. Sikujua kama ni vizuri au vibaya, lakini nimeacha kukata sentensi mikia. Nikamwambia na yeye akapime, na wote waliokaa naye nyumba moja. Akasema, "Sawa, kaka," kwa sauti ya mtu aliyechoka kama mimi.

Nilikuwa namtafuta yule mama wa benchi, mwenye kanga ya maua. Shemeji hakujua jina lake, lakini nilijua siku, na nilijua ni mwanamke aliyemtangulia shemeji. Leo mchana alipokea. Nilimjua kabla hajasema jina, kwa kikohozi.

"Nani mwenzangu?"

"Mimi ni yule karani wa zahanati. Wa dirishani."

"Aa! Wa muhuri wa kijani! Uliyeniambia sina?"

"Ndiyo, mama. Ndiye mimi."

"Enhe. Na leo unasemaje?"

Nikamweleza. Taratibu, bila kupindisha: kipimo hakifai, neno lilikuwa langu, kikohozi hicho ninachokisikia kinahitaji makohozi yapimwe, kesho, asingoje keshokutwa. Nilimwambia kuna mtu aliyekaa naye benchi moja siku ile, aliyepata karatasi kama yake, na sasa yuko wodini anapata dawa, na mtoto wake naye.

"Yule kaka wa sponji?"

"Yule yule."

Nilisikia nyuma yake watoto wanabishana juu ya kitu, na mtu anakwaruza sufuria. Kisha akasema, "Kijana, juzi uliniambia sina, nikaamini. Leo unaniambia huenda ninacho. Sasa nikuamini wewe yupi?"

"Usiniamini hata mmoja, mama. Peleka makohozi."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikawa kirefu. Nilingoja. Alipotulia hakusema atakwenda wala hatakwenda. Aliniuliza jina langu, ili akifika kule akiulizwa nani kamtuma asiwe anasema "karani, karani".

Nikampa langu, na la baba, na la babu, na akaniomba nirudie polepole ili mtoto wake aandike.

Mdogo wako